Kwa nini simba wa Njombe waligeuka kula watu?

Kuanzia 1932 hadi 1947, simba waliitesa wilaya ya Njombe, kusini mwa Tanzania ya leo, vibaya mno. Idadi inayotajwa zaidi ni watu 1,500 hivi, ingawa ni makadirio tu. Vijijini ilisemwa kwamba ni simba wa kutumwa kwa uchawi, na wengi waliogopa hata kuwataja. George Rushby, Bwana Nyama (ofisa wa wanyamapori) wa serikali ya Mwingereza aliyepewa kazi ya kuwamaliza, alilaumu kitu kingine: vita dhidi ya ugonjwa wa ng'ombe.

Ugonjwa huo ulikuwa sotoka, wa virusi vya ukoo mmoja na vya surua. Ng'ombe alishikwa na homa, macho na pua vikatiririka, vidonda vikatokea kwenye ufizi na ulimi, kisha akaharisha mpaka akaishiwa maji. Wengi walikufa kati ya siku ya 6 na ya 12. Kundi ambalo halikuwahi kuugua liliweza kupoteza ng'ombe 8 au 9 katika kila 10. Ndivyo ilivyokuwa miaka ya 1890, na kufikia 1896 sotoka ilikuwa imevuka Zambezi na kufyeka mifugo ya kusini.

Sasa tazama ramani. Kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika kuna mlango wa nchi kavu, na Mbeya na Tunduma ziko hapo hapo. Sotoka ilipoanza tena kusogea kusini miaka ya 1930, wakoloni walitaka kuufunga mlango huo. Virusi vyake havikudumu juani, vilihitaji wanyama wakaribiane pua kwa pua. Kwa hiyo ng'ombe wakachanjwa, na kwa kuwa nyati, pofu, tandala na ngiri nao waliugua na haikuwezekana kuwapanga foleni ya sindano, wakapigwa risasi ili pabaki ukanda mtupu.

Waliopigwa ni wale wenye kwato. Simba walibaki, chakula chao kikaondoka.

Hata hivyo njaa peke yake haitoshi kueleza yote. Simba mwenye njaa huweza kuvamia zizi kwanza. Lakini akishaonja mtu anagundua kwamba windo hili halina pembe wala mbio, na watoto wake hujifunza kwa kumtazama mama. Tena, sheria za uwindaji zilizoanza enzi ya Mjerumani zilikuwa zimembana mwananchi, na bunduki zilikuwa za wachache. Habari nazo zilikwenda kwa miguu: msaka simba akifika kijiji kilichovamiwa, kundi limeshatembea usiku kucha na liko kwingine.

Rushby alianza kazi katikati ya miaka ya 1940. Simba 15 hivi walipouawa, mauaji yakakoma. Hawakuwa wengi kama hofu ilivyowafanya waonekane.

Uchungu ni kwamba wanyamapori hawakuwa chimbuko. Miaka ya 1960, ng'ombe waliozunguka Serengeti walipochanjwa vizuri, sotoka iliwatoka nyumbu wenyewe bila kuguswa. Ng'ombe ndio waliokuwa wakiwaambukiza. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, kwa chanjo ya mifugo.