Bumba la nyuki likitua uani kwako

Simu nyingi tunazopigiwa kuhusu nyuki zinafanana: "Wamevamia nyumba, njooni muwaue." Mara nyingi hawajavamia kitu. Familia imejaa mzingani, malkia mkongwe ameondoka na sehemu kubwa ya vibarua (nyuki wafanyakazi), na sasa wametua kwenye mwembe wako huku wapelelezi wao wakitafuta tundu la kuhamia. Huondoka baada ya saa chache, pengine siku moja mbili. Wakati huo wameshiba asali na hawana watoto wa kulinda, kwa hiyo ni wapole. Upole huo unakwisha pale mtu anapowarushia mawe au kuwasha tairi chini ya mti. Kuwachoma kwa mafuta ya taa kunaweza kuunguza nyumba.

Kama huna vifaa, ingiza watoto ndani, ondoa mbuzi waliofungwa, umwite afisa nyuki wa halmashauri. Wakianza kushambulia watu, piga Zimamoto, 114.

Mwenye vifaa (ovaroli, wavu wa uso, glavu, buti) asubiri jua lianze kuzama. Andaa mzinga wa sanduku uliopakwa nta kwa ndani. Papi zinazobeba masega ziwe na upana wa milimita 32, kipimo cha nyuki wa Afrika. Seremala akinakili vipimo vya Ulaya, masega yatakwenda mshazari. Kinga sanduku chini ya tawi, kisha tikisa tawi mara moja kwa nguvu. Halafu tazama mlangoni. Ukiona vibarua wamesimama, mikia juu, wanapepea mabawa bila kuruka, malkia yumo ndani. Wanatoa harufu ya kuwaita wenzao. Akibaki mtini, wote watamrudia. Giza likiingia, ziba mlango kwa wavu uwahamishe.

Kukamata ndiko kwepesi. Nyuki wetu ni wepesi kuhama, na asubuhi moja unaweza kukuta sanduku tupu. Ukiwa na mzinga mwingine, wape sega moja lenye watoto. Wakishaanza kulea hawaondoki ovyo. Joto la Januari na Februari hapa Dar huwafukuza, hivyo weka mzinga kivulini na utandike makuti juu ya bati. Sisimizi ni adui mkubwa kuliko watu wanavyodhani: simamisha miguu ya kichanja ndani ya makopo ya oili chafu, na fyeka majani yanayogusa mzinga, maana jani moja tu ni daraja. Weka beseni la maji lenye vijiti vya kutua, la sivyo watakunywa bombani kwa jirani, na kesi itaanzia hapo. Ukivuna, waachie akiba. Moshi wa makumbi makavu ya nazi unatosha kuwatuliza.

Ukisikia harufu kama ya ndizi mbivu, wameanza kuitana vitani. Funika mzinga uondoke. Mwiba ukwanguliwe mara moja. Aliyevimba midomo au anayehema kwa shida apelekwe hospitali bila kusubiri.

Kwa Manzese au Tandale, ambako madirisha yanatazamana, sishauri kabisa nyuki wanaouma. Hao ni wa mashamba ya Chanika, Pugu au Kigamboni, mbali na njia za watu. Mwenye ua mdogo afuge nyuki wadogo wasiouma, ndani ya kigogo au kisanduku chini ya upenu. Asali yao ni kidogo na ina uchachu, lakini watoto wanaweza kucheza karibu.