Bangi ya "dhahabu" kutoka Malawi: maswali ya wazazi wa Pemba

Mama mmoja alifika kituoni kwetu Wete, akafungua kanga juu ya meza. Ndani mlikuwa na kitu mfano wa gunzi, kimeviringishwa maganda ya mahindi na kukazwa kwa kamba ya mgomba. Kakikuta chini ya godoro la mwanawe wa kidato cha tatu. Mtoto kamwambia: "Hii dhahabu ya Malawi, mama, ni sativa, haina neno." Maswali haya ni yake na ya wenzake waliokuwa kwenye foleni.

Sativa ndiyo nini?

Ni Kilatini, "inayopandwa". Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliuita mmea wa bangi Cannabis sativa mwaka 1753. Mpunga wa mabonde yetu nao ni Oryza sativa. Neno hilo halina habari yoyote ya usalama.

Na hii ya Malawi asili yake wapi?

Inasifika zaidi ile ya Nkhotakota, kando ya Ziwa Malawi, mji ambao wafanyabiashara wa pwani yetu waliufanya kituo cha misafara karne ya 19. Wenyeji huiita chamba. Lakini bangi yenyewe ilitoka Asia. Hata jina tunaloiitia lina asili ya Kihindi.

Mibangi ya huko ni mirefu, hupita mita 3, majani membamba, na hukawia kukomaza maua. Wakulima huyafunga maua kwa maganda ya mahindi na kuyaacha yaive humo mpaka yageuke hudhurungi. Dhahabu inayotajwa ni rangi hiyo.

Wanasema sativa inachangamsha tu, haitii wazimu. Kweli?

Si kweli, na hapa naomba mnisikilize sana. Kinacholevya ni THC, kemikali iliyotengwa mwaka 1964 na wanasayansi Mechoulam na Gaoni huko Israeli. Imo kwenye sativa, imo kwenye indika, ile bangi nyingine inayotajwa sokoni. Watafiti waliopima vinasaba wamekuta majina hayo ya sokoni hayaendani vyema na mmea wenyewe. Mvutaji hajui kiasi cha THC kilichomo kwenye msokoto wake.

THC inapanda kichwani ndani ya dakika chache. Moyo unakwenda mbio, macho yanakuwa mekundu, kumbukumbu inapotea. Wengine huingiwa na hofu kubwa, wakadhani watu wanawasema. Ubongo hukua mpaka miaka 25 hivi, kwa hiyo wa miaka 16 anauchezea ungali mbichi. Anayevuta kila siku bangi kali yumo katika hatari zaidi ya kuchanganyikiwa akili, khasa ikiwa katika ukoo kuna aliyewahi kuugua hivyo. Mama, kama yupo, mwambie daktari bila kuona haya.

Mbona wenzake wanavuta na wazima?

Wengi hawapati maradhi ya akili, ni kweli. Nani atayapata, hatuwezi kumjua kwa kumtazama.

Ameacha siku tatu, hapati usingizi, hali chakula, na kila neno kwake ugomvi. Nimpe nini?

Mpe maji, chakula kidogo kidogo, na mtu wa kukaa naye. Hali hiyo huwa mbaya zaidi wiki ya kwanza, na kwa wengi hupungua baada ya wiki mbili. Asifungwe kamba, asipigwe. Akianza kusikia sauti zisizokuwepo, au kutaka kujidhuru, mleteni hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa usiku. Kwa walioko Unguja, ipo hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu.