Siku 4 za kikao cha skuli? Hazipo

Utawasikia wazazi wanaofanya kazi mahotelini Nungwi, Zanzibar, wakisema sheria inawapa siku 4 zenye malipo kwenda vikao vya skuli. Sivyo, na inauma kuona mama anakatwa mshahara kwa kutegemea haki hiyo. Siku hizo zimo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, nazo ni za kuuguliwa na mtoto au kufiwa. Tena sheria ile ni ya Tanzania Bara. Ajira si jambo la Muungano, na Zanzibar ina Sheria yake Namba 11 ya 2005. Barua ya mwalimu ikija, mpelekee msimamizi kabla ratiba ya zamu haijabandikwa, uombe kubadilishana na mwenzako au kutumia siku moja ya likizo yako ya mwaka.