Je, wajua? Faili ulilosevu linaweza kuwa bado halijafika kwenye diski

Karani wa steshenari mjini Moshi anachapa mkataba wa kuuza kiwanja, anasevu, anageuka kuwasha printa. Sekunde kumi baadaye umeme unakatika, na kompyuta ni ya mezani, haina betri. Ukirudi, faili lipo na jina lake, ila ndani hamna hata herufi moja. Karani alisevu kweli. Ilikuwaje?

Programu ya kuandikia haigusi diski yenyewe. Huukabidhi mfumo wa kompyuta maandishi, nao huyaweka kwanza kwenye ramu, kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukikatika, na kujibu kwamba umeyapokea. Ni sawa na kumpa konda wa Coaster mzigo stendi ya Moshi aupeleke Arusha: kaupokea, lakini haujafika hata Boma Ng'ombe. Linux, mmoja wa mifumo hiyo, kwa kawaida huweza kukaa na maandishi hayo kama sekunde 30 kabla ya kuyashusha kwenye diski. Hufanya hivyo kwa sababu diski huandika polepole kuliko ramu, na kuandika kwa mkupuo ni nafuu.

Ipo amri ya kulazimisha maandishi yashuke, fsync. Programu ikiiita, husubiri mpaka diski ijibu. Mbona basi isiitwe kila mara? Ina gharama. Mwaka 2008 watumiaji wa Firefox 3 kwenye Linux waliona kivinjari kikiganda: kila fsync ya faili moja, kwenye ext3 (utaratibu wa Linux wa kupanga mafaili kwenye diski), ilishusha pamoja nayo data za programu nyingine zilizokuwa zikisubiri.

Kwa maoni yangu mpaka uko wazi. Mtu akisevu kwa mkono wake ameomba uhakika, na apewe, hata kama atasubiri kidogo. Nakala za dharura ambazo programu hujiandikia yenyewe ni jambo jingine. Mfano ni Emacs, programu ya kuandikia: hujisevia baada ya takribani herufi 300, na hapo haiiti fsync, kwa kuwa nakala hiyo hata hivyo huenda ikakosa herufi ulizoandika mwishoni.

Lakini fsync peke yake haitoshi. Mpangilio nao una neno. Programu ikifuta faili la zamani kwanza ndipo iandike jipya, umeme ukikatika katikati unakosa yote mawili. Njia salama ni kuandika faili jipya pembeni, kuliitia fsync, kisha kulipa jina la lile la zamani. Mwaka 2009 watumiaji wa ext4, mrithi wa ext3, walikuta mafaili matupu baada ya kompyuta kuzimika ghafla, kwa sababu programu zao ziliruka hatua ya katikati. Watengenezaji wa Linux waliongeza kinga ya kushusha data jina linapobadilishwa. Wema huo programu isiutegemee. Mifumo mingine haina.

Na diski nayo ina ramu yake ndogo. Kwenye macOS, fsync hufikisha data kwenye diski tu, bila kuhakikisha imeandikwa. Anayetaka uhakika huita amri nyingine, F_FULLFSYNC.

Vim, programu nyingine ya kuandikia, huja na fsync ikiwa imewashwa, na baadhi ya wenye kompyuta mpakato huizima kuokoa betri. Kwenye mashine ya steshenari, iache imewashwa. Mteja naye akitaka kuchomoa flashi yake haraka, andika sync kwenye dirisha la amri za Linux, usubiri imalize, ndipo umruhusu aichomoe.