Juma zima kwa visoda, machungwa na maji ya bahari

Wazazi wengi wanaoamua kukaa na watoto nyumbani na kuwafundisha wenyewe, hata kama ni kwa juma moja la likizo, huanzia dukani. Hununua chati ya herufi, madaftari ya kupaka rangi, vidude vya plastiki vya kuhesabia, kisha hubandika ratiba kwenye mlango wa friji. Ikifika Jumatano vifaa vimeisha utamu, mtoto anauliza leo kuna nini kipya, na mama yu hoi. Mimi ni mwalimu wa elimu ya awali, na ushauri wangu ni kinyume cha huo: chagua vitu vichache mno, vitumie juma zima, kinachobadilika kila siku kiwe swali.

Likizo hii ya Juni nilikuwa na watoto wa dada yangu hapa Tanga, wa kiume ana miaka sita, wa kike minne. Vifaa vyetu vilikuwa mfuko wa visoda kutoka kwa muuza duka wa mtaani, trei tupu ya mayai, sinia yenye mchanga uliochekechwa, boksi la sabuni, kapu la machungwa ya Muheza, na bahari, ambayo kwetu haina kiingilio. Nisieleweke vibaya: sisemi shule zifungwe. Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mtoto aliyetimiza miaka 7 awe ameandikishwa shule ya msingi. Nazungumzia wale wadogo, na yale majuma ambayo shule imefungwa.

Nianze na kuhesabu, maana hapo ndipo wazazi hudanganyika zaidi. Mtoto wa miaka minne anakuimbia moja hadi ishirini bila kukwama, nyumba nzima inampigia makofi. Sasa mwagia visoda mkekani umwambie, “Nipe vitano.” Wengi watakukamatia kiganja kizima. Wakikuletea viwili ukiomba viwili, na vitatu ukiomba vitatu, halafu kwenye vitano wakachota tu, ujue wako njiani vizuri. Tano kwao bado ni neno la kwenye wimbo. Kujua kwamba neno la mwisho ulilotamka ndilo linalotaja jumla ya vitu vyote ni hatua ya peke yake, na wimbo hauifundishi. Ukimuuliza “Ni vingapi?” naye akaanza kuhesabu upya badala ya kukujibu, bado hajaifikia.

Dawa yake ni kazi za nyumbani. Huyu wa kike nilimpa kazi ya kupanga vikombe vya uji: kila mtu na kikombe chake, kila kikombe na kijiko chake. Siku ya kwanza alileta vijiko kibao, vingine vikabaki havina mwenyewe. Sikumsahihisha. Nilimuuliza tu, “Na hiki cha nani?” Akatazama, akakirudisha jikoni. Kesho yake akahesabu watu kwanza, kwa kuwagusa mabega, ndipo akaenda kuleta vijiko.

Kaka yake alihitaji kitu kingine. Yeye anajua kuhesabu, ila kumi na tatu kwake ilikuwa jina jingine tu katika orodha ndefu. Trei ya mayai ya kawaida ina matundu 30, sita kwa matano. Ikate kwa mkasi, kila kipande kiwe na safu mbili za matundu matano, utapata vipande vitatu vya kumi kumi. Jaza kimoja visoda, weka vitatu kando: kumi, na tatu. Hesabu yetu inamsaidia mtoto hapa kwa sababu inasema wazi kilichomo, kumi na kilichozidi. Inamkwamisha anapofika ishirini na thelathini, kwa sababu majina hayo hayamwambii ni kumi ngapi. Kwa hiyo makumi hayo ayaone kwa macho: trei mbili zilizojaa, trei tatu zilizojaa. Alizijaza na kuzimwaga asubuhi nzima, nami nikanywa chai yangu ikiwa bado moto. Wenye watoto wanajua uzito wa jambo hilo.

Kuna jaribio la Jean Piaget, yule Mswisi, ambalo kila mwalimu wa awali hukutana nalo chuoni. Panga safu mbili za visoda, idadi sawa, zimeelekeana. Muulize mtoto kama ziko sawa. Kisha tandaza safu moja iwe ndefu, umuulize tena. Mdogo alisema, “Vyako vingi.” Kaka yake akamcheka: “Mama Mdogo amevitandaza tu!” Wazazi wakiona hivi hukimbilia kumwelewesha yule mdogo. Msihangaike, ni suala la umri. Isitoshe, katika miaka ya 1970 watafiti huko Uskochi walionyesha kwamba watoto wengi wadogo hujibu vizuri zaidi safu ikivurugwa na mwanasesere mtundu kuliko ikitandazwa na mtu mzima. Na ina mantiki: mtu mzima akivigusa vitu kisha akauliza swali lile lile mara ya pili, mtoto anadhani jibu linatakiwa libadilike. Tangu nilipolisoma hilo nimekuwa mwangalifu sana na kurudia maswali. Ukishajibiwa, ama nyamaza, ama uliza, “Umejuaje?”

Kwenye kusoma nitapita haraka, kwa kuwa Kiswahili kimetufanyia nusu ya kazi. Kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Andika herufi mchangani kwa kidole, na unapoiandika tamka sauti yake, mmm, midomo imefumba, wala si jina lake. Kisha kata boksi la sabuni vipande vidogo, uandike silabi: ma, ba, ka, ta, la. Mtoto ataunda baba, kaka, taka, kata, bata. Huyu wetu aliunda tabaka bila kujua kuwa ni neno, halafu akaunda labata akitaka kujua kama nalo lipo. Halipo, lakini ndilo lililonifurahisha zaidi. Anayesoma neno lisilokuwepo hawezi kuwa amelikariri, amelisoma kweli.

Siku ya maandazi haina mengi. Donge la unga lilikatwa nusu, nusu ikawa robo, wakabishana ni robo ya nani kubwa. Mafuta ya moto nilibaki nayo mwenyewe.

Machungwa yalichukua siku mbili, nami nilikuwa nimeyatengea moja. Swali lilikuwa: chungwa litaelea au litazama? Kila mmoja alitoa jibu lake kabla ya kugusa maji, na hili ni la lazima, kwa sababu mtoto asiyebashiri hana cha kushangaa. Likaelea. Tukalimenya. Wote wawili walisema sasa ndiyo litaelea zaidi, maana limepungua uzito. Likazama. Ganda la chungwa lina vijishimo vingi vyenye hewa, linalibeba tunda kama boya. Ukilivua, nyama iliyojaa maji inashuka chini. Sikuwaeleza hayo papo hapo. Nilimwachia wa kiume akakamua vipande vya maganda ndani ya maji mpaka viputo vikapanda, na hapo akasema mwenyewe, “Kuna upepo ndani.”

Kutoka hapo akataka kujaribu yai. Katika maji ya bomba yai bichi lilizama. Akasema maji ya bahari yana chumvi, yatalibeba. Wazo zuri, na watu wazima wengi wangekubaliana naye. Tukaleta chupa ya maji ya bahari, yai likazama vilevile. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na hiyo haitoshi kwa yai ambalo halijakaa siku nyingi. Ikabidi tuongeze chumvi ya jikoni, kijiko baada ya kijiko, tukikoroga na kungoja, mpaka yai likaanza kuinuka taratibu. Yule mdogo alikuwa mshika hesabu: kila kijiko, kisoda kimoja mkekani.

Bahari yenyewe tuliitembelea kila asubuhi. Juma hilo lilikuwa la bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, ambapo kwetu tofauti ya kina inaweza kupita mita 3. Siku za bamvua maji hupwa kabisa yapata saa nne asubuhi, kisha kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Mtoto hawezi kuambiwa hivyo akaelewa. Anaweza kuchomeka kijiti pale maji yalipokomea, akarudi kesho saa ile ile akakuta maji bado yanashuka. “Yamechelewa,” alisema wa kiume, kwa sauti ya mwalimu wa zamu. Kila siku alichora sura ya saa daftarini. Kwa wanaofundisha saa: mwonyesheni mtoto atazame namba inayoelekeana na ile inayoonyeshwa na mkono mfupi. Mkono uko kwenye 10, ng’ambo yake ni 4, basi ni saa nne. Simu haiwezi kumwonyesha hilo. Na ufukweni mshikeni mkono, maji yakianza kurudi kwenye tambarare huja kwa kasi kuliko mtoto anavyodhani.

Urefu wa vipindi? Robo saa kwa wa miaka minne, na akiinuka kabla ya hapo mwache aende. Vitu vidogo kama maharage na kunde msimpe mtoto aliye chini ya miaka mitatu, vinaingia puani.

Kwa walioko Dodoma, Tabora au kokote pasipo na bahari, tumieni kijiti na jua. Kisimamisheni wima uani, mweke kisoda kwenye ncha ya kivuli kila baada ya saa moja, kuanzia asubuhi hadi jioni, mpaka visoda vitengeneze mstari. Adhuhuri ya Juni kivuli kitaangukia kusini. Hifadhini alama hiyo kwa jiwe, na likizo ya Desemba mrudie mahali pale pale. Safari hiyo kitaangukia kaskazini. Ila wabashiri kwanza.