Farasi mmoja, tani 25: dhana potofu kuhusu mashua za makaa ya mawe za Uingereza

"Farasi mmoja? Haiwezekani." Waonyeshe watu picha yoyote ya mashua ya mfereji ya karne ya 19, utalisikia hilo kabla hujamaliza kueleza. Kisha hukumu: ama farasi wengine watatu wako nje ya picha, ama huyu mmoja alikufa kwa mijeledi. Si hivyo wala vile.

Farasi wa kubeba mizigo mgongoni alimudu kilo 120 hivi. Akifungwa gari kwenye barabara nzuri, kama tani 2. Huyohuyo, akitembea ukingoni mwa mfereji, alivuta kwa kamba mashua yenye urefu wa mita 21 na upana wa mita 2, na ndani yake tani 25 za makaa au zaidi. Uzito ulibebwa na maji. Yeye alibakiwa na msuguano wa maji kwenye mbavu za chombo, na kwa mwendo wa kutembea msuguano huo ni mdogo.

Kazi ngumu ilikuwa kuondoka. Mashua iliyojaa, imesimama ndani ya lango la maji (chumba cha kuipandisha au kuishusha mashua kwa maji), haisogei kwa mkupuo. Farasi akishtuliwa ataumia bega au kamba itakatika. Kwa hiyo mlingoti mfupi ulifungwa kapi. Kamba kutoka kwa farasi ilipita kwenye kapi, na kitanzi cha mwisho wake kikavishwa kwenye ndoano ukingoni, mbele ya mashua. Farasi akienda hatua mbili, mashua inakwenda moja, na mzigo anaousikia ni nusu. Chombo kikishika mwendo, kijiti kilichofungwa kwenye kamba kinakwama kwenye kapi, kitanzi kinachomoka ndoanoni, na tangu hapo anavuta moja kwa moja. Anayetaka kuzungumzia ukatili aanze kwanza na kapi hilo.

"Basi wangemharakisha." Wapi? Mashua iliyojaa huzama karibu mita 1 katika mfereji mwembamba usio na kina kikubwa. Maji yanayosukumwa na omo, yaani mbele ya chombo, hayana pa kupita ila ubavuni na chini. Ongeza mwendo, tezi, yaani nyuma yake, inazama na kukwaruza tope, mawimbi yanakula kingo, farasi anachoka bure. Kilomita 3 au 4 kwa saa zilitosha. Makaa hayaozi, mwenye kiwanda alitaka yafike kila siku, hakujali yametumia saa ngapi njiani. Kwa nini si injini badala ya farasi? Injini ya mvuke nayo ilikula nafasi ya shehena pamoja na boila lake, na ilidai mtu wa kuihudumia.

Dhana potofu ya pili: reli ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa 1830, mifereji ikafa. Safari ndefu ziliumia kweli, na kampuni za mifereji zikalazimika kushusha ushuru wa kupita. Lakini mifereji ya Birmingham ilikuwa bado inabeba zaidi ya tani milioni 8 kwa mwaka mwishoni mwa karne. Kutoka mgodini hadi kiwanda kilichojengwa ukingoni, mashua haikuhitaji kupakuliwa njiani, na kila upakuaji huvunja makaa na kuyapunguzia bei.

Kwamba kila mwanamashua aliishi chomboni na familia? Wengi walihamia humo baada ya ushindani wa reli kubana malipo, maana mke na watoto hawakulipwa. Mashua nyingi za Birmingham za safari fupi hazikuwa na chumba cha kuishi. Watu walirudi nyumbani jioni.

Kwenye mahandaki yasiyo na njia ya farasi, kama lile la Standedge, kaskazini mwa Uingereza (lilifunguliwa 1811, zaidi ya kilomita 5), farasi alipitishwa juu ya kilima. Watu walilala chali na kuisukuma mashua kwa kutembeza miguu ukutani.

Ushuru nao haukukisiwa kwa macho. Mashua mpya ilipakiwa vyuma vya uzito unaojulikana, na kuzama kwake kukaandikwa kwenye jedwali. Baadaye mtoza ushuru alipima kwa kijiti, mahali kadhaa ubavuni, na kusoma tani. Maji yaliyovuja ndani yalihesabiwa kama makaa, kwa hiyo mwenye akili aliyakumba kwanza.