Reliant ya magurudumu matatu: haipinduki kama unavyodhani

Kila anayeuliza kuhusu Reliant Robin, gari dogo la Kiingereza lenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma, anaanza na swali lile lile: si ndilo lile gari linalopinduka kila kona? Hapana, silo. Swali hilo limechosha, na limekiharibia jina kiwanda cha Reliant, ambacho tangu 1935 hadi 2001 kilitengeneza magari yake Staffordshire, Uingereza, miaka mingi kabisa mjini Tamworth, na baadaye hata injini kikaunda yake chenyewe.

Wengi wameitoa dhana hii kwenye kipande cha Top Gear, kipindi cha magari cha televisheni ya Uingereza, cha mwaka 2010, ambapo mtangazaji Jeremy Clarkson anaendesha Robin na kulala ubavu kila anapokata usukani. Mwaka 2016 aliandika mwenyewe gazetini kwamba mafundi wa kipindi waliichezea difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) makusudi ili gari lipinduke na watazamaji wacheke. Video bado inazunguka kwenye simu za watu. Maelezo yake hayazunguki.

Je, Robin haiwezi kupinduka? Inaweza, na aliyewahi kukaa kwenye bajaji iliyokata kona vibaya anajua inavyoanza. Lakini sababu si idadi ya magurudumu peke yake. Chora mistari mitatu ardhini kuunganisha sehemu ambazo matairi yanagusa barabara. Unapata pembetatu: pana nyuma, imechongoka mbele. Tuseme, kwa hesabu rahisi, matairi ya nyuma yameachana sentimita 120. Kitovu cha uzito, yaani pale uzito wote wa gari unapokutana, kikiwa juu kabisa ya ekseli ya nyuma, una sentimita 60 kila upande kabla ya kutoka nje ya pembetatu. Kikiwa theluthi moja ya njia kuelekea gurudumu la mbele, zinabaki 40. Kikiwa nusu ya njia, zimebaki 30 tu.

Sasa kanyaga breki katikati ya kona. Gari linasukumwa nje na kona na wakati huo huo linasukumwa mbele na breki, kwa hiyo mzigo unaelekea ile pembe ya mbele ambako pembetatu ni nyembamba. Gurudumu la nyuma la upande wa ndani linanyanyuka. Hapo ndipo Robin inapoangushwa, na anayeiangusha ni dereva aliyeingia kona na spidi kisha akashtuka. Kumbuka pia kwamba nguvu ya pembeni hukua kwa mraba wa spidi: kona uliyoichukua kwa kilomita 40 kwa saa, ukiichukua kwa 50, nguvu hiyo imeongezeka kwa asilimia 56.

Kwa hiyo fanya hivi. Breki zote zimalizike gari likiwa bado limenyooka. Achia pedali, ndipo ukate usukani, na ndani ya kona shikilia mafuta kidogo tu bila kuyaachia ghafla. Mzigo mzito uwekwe chini, karibu na ekseli ya nyuma. Keria ya juu ya paa ing'olewe. Ni kifaa kibaya kuliko vyote unavyoweza kufunga kwenye gari hili, kwa sababu kila kilo unayoipandisha inainua kitovu cha uzito. Kwenye mteremko wenye kona, shusha gia mapema. Ukihisi gurudumu la ndani limeanza kuwa jepesi, toa mguu kwenye breki na unyooshe usukani kidogo, gari litakaa chini. Na usidanganywe na anayekuambia shokabsoba zilizochoka si tatizo kwa gari jepesi hivi. Kwenye gari la magurudumu matatu ndiyo za kwanza kubadilisha, kabla hata ya rangi.

Dhana ya pili: "ni injini ya pikipiki." Gari la kwanza kabisa la Tom Williams, mwanzilishi wa Reliant, lile la mizigo la mwaka 1935, kweli lilikuwa na injini ya pikipiki, JAP ya silinda moja. Lakini kufikia 1938 Reliant ilishahamia kwenye injini ya silinda nne ya Austin Seven, na mwaka 1962 ikatoa injini yake yenyewe kwenye Regal 3/25, gari la magurudumu matatu lililoitangulia Robin: silinda nne, sisi 598, bloku na hedi za aluminiamu. Injini hiyo ikakuzwa hadi 701, kisha 748, mwisho 848. Watu wanachanganya injini na leseni. Sheria ya Uingereza iliruhusu gari la magurudumu matatu lenye uzito mdogo kuendeshwa kwa leseni ya pikipiki, na kodi yake ilikuwa ndogo. Enzi za Regal kikomo kilikuwa kama kilo 406 bila mzigo. Aluminiamu na faibaglasi zilichaguliwa kwa sababu hiyo hasa.

Anayeimiliki leo ajue kwamba aluminiamu hiyo haivumilii maji matupu ya bomba. Tumia kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) yenye kinga ya kutu mwaka mzima, hata nchi isiyo na baridi. Bila hiyo njia za maji huliwa, kiwango cha maji hushuka bila tone kuonekana chini, na hedi hushikana na stadi zake (boliti zinazoishikilia) hadi haitoki. Plagi zifunguliwe injini ikiwa baridi, na zisikazwe kwa hasira, maana nyuzi za aluminiamu hazirudi.

"Bodi ni plastiki, haiozi." Bodi ni faibaglasi, haiozi kweli. Chesisi iliyo chini yake ni chuma, na inaoza kimya kimya huku juu kunang'aa. Lala chini na bisibisi, gonga vishikio vya springi za nyuma na sehemu inayobeba mkono wa gurudumu la mbele. Ufa kwenye bodi hauzibwi kwa puti ya mabati: saga hadi ufa uishe, kisha pandisha matabaka ya mkeka wa faibaglasi na resini kutoka ndani. Na taa zinapocheza, usianze kubadilisha balbu. Bodi hii haipitishi umeme, kila taa inahitaji waya wake wa negativu hadi kwenye chesisi, na kosa liko hapo karibu kila mara.

Uturuki kulikuwa na uvumi kwamba ng'ombe wanakula bodi ya Anadol, gari ambalo Reliant iliisaidia kampuni ya Kituruki ya Otosan kulianzisha mwaka 1966. Hiyo ni nyuzi za kioo ndani ya resini ngumu. Hakuna mnyama anayelishwa hivyo.

Lile gari la buluu ambalo Mr Bean hulisumbua kila mara si Robin. Ni Regal Supervan. Robin ilitoka 1973.

Na si kweli kwamba Reliant ilijua magurudumu matatu tu. Scimitar GTE ya 1968, gari lake la magurudumu manne lenye injini ya V6 ya Ford ya lita 3, ilipendwa na Binti Mfalme Anne, ambaye alimiliki kadhaa.

Wanaosema kejeli ndizo zilizoiua kampuni hawajaangalia tarehe. Tangu Mini ilipotoka 1959, gari dogo la magurudumu manne lilikuwa rahisi kupatikana, na waliobaki na leseni ya pikipiki tu walizidi kupungua. Scimitar SS1 ya 1984, gari lake dogo la michezo, haikuuza ilivyotarajiwa. Mwaka 1990 kampuni ikawekwa chini ya wafilisi. Kampuni ya uhandisi ya Bean (si yule Mr Bean) ikainunua 1991, kisha Bean yenyewe ikaanguka 1994. Robin za mwisho za kiwanda, toleo lililoitwa Robin 65, zilikamilika mapema 2001.